Kabla hujakimbilia dawa ya bustani, onja kwanza maji unayomwagilia

Kila wiki napata picha za bustani kwenye simu, ndugu, majirani, watu tuliosoma wote, mwingine anatuma ukoka umekuwa njano, mwingine nyanya zimeoza kitako, mwingine mpapai umefunikwa na unga mweupe, na swali ni lile lile, nipige dawa gani? Siku hizi kabla sijajibu chochote namuuliza unamwagilia maji gani, ya bomba au ya kisima, na umewahi kuyaonja? Wengi wanaona kama namkwepa. Simkwepi jamani, mi mwenyewe nilipoteza karibu mwaka mzima na hela nyingi tu kwa sababu hakuna mtu aliyeniuliza hilo swali mapema, na mtu mmoja alipokuja kuniuliza kila kitu kilibadilika.

Sisi tunakaa Kigamboni upande wa Mjimwema, kiwanja chetu ni mchanga mtupu, ule mweupe kabisa ukimwaga ndoo ya maji unasikia yanazama tu. Tulihamia 2022, na kama mnakumbuka mwishoni mwa mwaka ule mto Ruvu ulipungua sana Dar nzima ikawa kwenye mgao wa maji, kwa hiyo tukaamua kuchimba kisima. Maji yakapatikana mengi, tukaweka pampu na simtank juu, nikasema hapa sasa bustani hainishindi. Januari nikamwita fundi wa bustani akaja na ukoka wa vipande, ule wanaotandaza kama kapeti, mita za mraba 40 hivi mbele ya nyumba, pembeni nikaweka matuta ya mboga na miche nilivuka nayo kwenye pantoni nimeipakata kama mtoto. Wiki mbili za mwanzo ulipendeza mpaka wapita njia wanasimama getini kuangalia.

Wiki ya tatu ncha za majani zikaanza kukauka, rangi ya kahawia kama zimeunguzwa na pasi. Nikaongeza maji. Nilikuwa namwagilia asubuhi kidogo na jioni kidogo kila siku, nikafanya na mchana, ndo ukazidi kuharibika. Nikaenda duka la pembejeo, muuzaji hajauliza hata naishi wapi akanipa busta, ile mbolea ya kupulizia majani, haikusaidia, nikarudi akanipa dawa ya kuvu, haikusaidia, nikarudi mara ya tatu akanambia hapo mbolea imepungua piga urea. Nikapiga urea. Baada ya siku nne vipara vikatokea, vikubwa kama sinia, na juu ya mchanga ukikauka kuna utando mweupe ambao mi nilidhani ni mabaki ya ile mbolea.

Jirani yetu wa nyuma ni mzee amelima bustani za watu tangu ujana wake, mpole hana maneno mengi. Siku moja nikampigia hodi nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, nikamwomba aje aangalie. Akaja, hakuangalia majani kabisa, akaenda moja kwa moja kwenye bomba la simtank, akakinga maji kiganjani, akagusisha ulimi, akatema. Akaniuliza, "Mwanangu, haya maji mnakunywa?" Nikamwambia hapana mzee, ya kunywa tunanunua, haya ni ya kufulia na kuoshea tu. Akasema, "Sasa kama nyie hamyawezi, hiyo mimea mnailazimisha ya nini?"

Nilisimama pale sijui niseme nini. Yani miezi yote ile nilikuwa naumwagia ukoka maji ya chumvi mara tatu kwa siku, afu nikauongezea urea ambayo nayo ikizidi inaunguza mizizi vile vile kama chumvi.

Ntawaeleza inavyofanya kazi maana ukishaelewa hili hutasumbuka tena. Mzizi unavuta maji kwa sababu ndani yake kuna vitu vilivyoyeyuka vingi kuliko kwenye maji ya udongo. Chumvi ikizidi kwenye udongo ile tofauti inapungua, mzizi unashindwa kuvuta, mmea unakufa kiu huku umesimama kwenye matope. Ndo maana mtu anaona majani yamenyauka anaongeza maji na hali inazidi. Afu jua la Dar la Januari na Februari unalijua lenyewe, linakausha maji yanapanda juu kama mvuke, chumvi haipandi, inabaki pale pale, kesho unaongeza nyingine. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku kama nilivyokuwa nafanya unaijenga ile chumvi kwenye sentimita chache za juu ambako ndiko mizizi ya ukoka iko.

Kariakoo wanauza kipimo kidogo kama kalamu, unakichovya kwenye maji kinakupa namba ya chumvi na madini yaliyoyeyuka, hesabu ni miligramu kwa lita. Mi nakushauri ununue, au mchange majirani watatu mnunue kimoja. Chini ya 450 mwagilia chochote huna wasiwasi, kati ya 450 na 2,000 inabidi uchague mimea na uwe makini, juu ya 2,000 ni shida kubwa kwa mimea mingi. Ya kwangu ilisoma 1,940 wakati wa kiangazi. Nikakipeleka kwa dada mmoja hapa mtaani, nyumba ya tano tu kutoka kwetu, kisima chake kikasoma 700. Kwa hiyo usiseme mbona jirani bustani yake imenawiri na tunatumia maji ya aina moja, sio ya aina moja, visima vya Dar vinatofautiana hata ndani ya mtaa mmoja, na kile kile chako kinaweza kubadilika kati ya kiangazi na masika.

Sasa nilifanya nini. Kwanza niliacha mbolea ya dukani kabisa. Pili niliacha kumwagilia kila siku, nikaanza mara mbili au tatu kwa wiki lakini maji mengi kwa mkupuo mmoja, alfajiri, mpaka nikichoma kijiti kinazama mpaka kwenye kiwiko, ili yale maji yaisukume chumvi ishuke chini ya mizizi. Kwenye mchanga kama wetu hii inawezekana kirahisi. Kwa wenzetu wa mabondeni wenye udongo wa mfinyanzi ni ngumu zaidi maana maji yanatuama, kule kwanza lazima utafute njia ya maji kutoka, na jasi inasaidia kwenye mfinyanzi uliojaa chumvi, ile ile inayochimbwa Makanya huko Same. Mtu mwenye mchanga mtupu asipoteze hela kwenye jasi.

Tatu mvua. Ikifika masika, Machi mpaka Mei, mbingu zinakuoshea udongo bure, ni maji matamu kabisa, na Dar tunapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka ambazo karibu zote tunaziangalia zikienda mtaroni. Piga hesabu na paa lako, mita za mraba 60 tu, ikinyesha milimita 10 ni lita 600 zimekupita. Tuliweka mifereji ya bati upande mmoja na pipa tatu, na yale maji nayatunza kwa ajili ya miche na mboga, mengine nachanganya nusu kwa nusu na ya kisima. Pipa zifunikwe kwa chandarua kisifunguke ovyo, na hapo hapo niseme kuhusu vile visahani chini ya vyungu vya maua, mbu wa dengi anazaliana humo humo kwenye maji kidogo yaliyotulia, na Dar dengi tumeiona 2014 na tukaiona tena 2019. Visahani vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, mi nimevitoa vyote nimejaza kokoto.

Nne matandazo na mboji, maana mchanga hauna tumbo la kushika maji. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, majani makavu ya mwembe, pumba za mpunga. Makumbi ya nazi ni mazuri sana yanashika maji, ila uliza yametoka wapi, yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokotea kamba yamekunywa chumvi ya bahari, loweka kwenye maji ya mvua umwage mara mbili ndo utumie. Samadi ya kuku mbichi sitaki hata kuisikia kwenye ukoka, inaunguza.

Na la mwisho kwenye hili nilikubali kubadilisha mimea badala ya kupigana nayo. Upande ulioharibika zaidi nimeweka pasipalamu, ile nyasi ya pwani inayovumilia chumvi kuliko zote ninazozijua. Ukoka wa kawaida nao unajitahidi. Mboga, ile spinachi ya majani mapana yenye shina jeupe inavumilia vizuri, ina undugu na biti. Maharage, karoti na vitunguu vinalalamika mapema sana, hivyo napanda kwenye viroba namwagilia mvua au maji ya bomba. Maua, bogenvilia haina neno, waridi hapana. Parachichi nilipanda nikaling'oa kwa uchungu, majani yalikuwa yanaungua kingo kila kiangazi.

Haya tuje kwenye ndago, gugu sugu linalofanana na nyasi, maana hii nayo inaliza watu. Ukoka wangu ulipoanza kupona nilitaka kuupa udongo mzuri, nikaagiza kirikuu moja ya udongo mweusi, muuzaji ananihakikishia umetoka shambani safi, tukatandaza. Baada ya mvua ya kwanza vikachomoza vijani vyembamba vya kijani kinachong'aa, virefu kuliko ukoka, vimenyooka kama sindano. Ndago. Ukivuta jani linakatika, chini kuna kiazi kidogo kama punje ya njugu, kimeungana na kingine, na kingine, mnyororo unakwenda chini. Mtu akichukua jembe akalima pale anakatakata ile minyororo na kila kiazi kinakuwa mama wa familia mpya. Kufunika kwa nailoni nyeusi nako haisaidii, ncha yake inatoboa nailoni nimeona kwa macho yangu. Dawa ya glaifoseti inaua ndago ikiwa na majani mengi yanayokua, lakini inaua na ukoka wako.

Kinachofanya kazi kwangu ni kuchimbua kwa uma wa bustani kama eneo ni dogo, udongo ukiwa na unyevu, unafuata mnyororo kiazi kwa kiazi, unaweka kwenye mfuko unachoma, usitupe kwenye mboji. Afu kila wiki unapita unang'oa vinavyochipua kabla havijafikisha majani matano sita, maana kile kiazi kinatumia akiba yake kila kinapochipua na usipokiacha kijijaze tena kitachoka. Wiki hii, wiki ijayo, miezi. Na ndago haipendi kivuli, ukoka ukijaa vizuri unaibana. Ila dawa kubwa ni kabla: ukiletewa udongo usiumwage, chukua ndoo moja, mwagilia, uweke juani siku kumi na nne uone nini kinaota. Muuzaji akikataa kusubiri tafuta mwingine.

Nyanya. Kitako kinaoza, doa jeusi limebonyea chini ya tunda, watu wanapiga dawa ya kuvu. Sio kuvu wala mdudu. Ni kalisiamu haijafika kwenye tunda, na mara nyingi kalisiamu ipo kwenye udongo ila inasafiri na maji, ukimwagilia leo mengi afu siku tatu kavu, tunda linakosa. Na chumvi inazidisha hiyo hali, kwa hiyo unaona tunarudi pale pale. Maganda ya mayai mnayosaga hayadhuru ila yanachukua muda mrefu sana kuoza hayatakuokolea nyanya za msimu huu. Mwagilia kwa mpangilio, tandaza matandazo, matunda yanayofuata yatakuja mazima, yaliyoharibika ondoa tu.

Kama nyanya yenyewe inanyauka ghafla ikiwa bado ya kijani, leo imesimama kesho imelala, fanya hivi: kata shina karibu na chini, chukua glasi ya maji safi, ning'iniza kile kipande ncha iguse maji, subiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, huo ni mnyauko wa bakteria na hakuna dawa ya dukani itakayoutibu, asikudanganye mtu. Ng'oa na mzizi wake choma, osha jembe, na pale usirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa, weka mahindi. Usipoona nyuzi, ng'oa uangalie mizizi, ikiwa na vinundu vinundu ni minyoo fundo, na huyu anapenda mchanga wetu kweli. Kwa minyoo mi natumia jua: Januari nalowesha tuta, nafunika kwa nailoni angavu, sio nyeusi, nabana kingo kwa udongo, wiki sita. Joto la humo ndani linawapunguza sana. Tuta langu la bamia lilikuwa limekufa kabisa na sasa linazaa.

Mpapai wenye pamba nyeupe ni vidung'ata. Kabla ya chochote angalia shina, utaona sisimizi wanapanda na kushuka, hao ndio walinzi, vidung'ata wanatoa majimaji matamu sisimizi wanakula na kuwafukuza wadudu rafiki ambao wangewamaliza. Zungushia shina nailoni, juu yake paka grisi, sisimizi washindwe kupita, hakikisha hakuna tawi linalogusa ukuta maana watapitia huko. Afu washushe vidung'ata kwa mpira wa maji wenye nguvu, jioni puliza maji ya sabuni, kijiko kimoja cha mezani cha sabuni ya maji kwa lita moja, jaribu kwenye jani moja kwanza usubiri siku. Rudia baada ya siku saba. Kwa vidukari na inzi weupe kwenye mboga natumia mbegu za mwarobaini, gramu 50 zilizotwangwa kwa lita ya maji, zinalala usiku kucha, nachuja, napuliza jua likizama kwa sababu mwanga wa jua unaivunja ile dawa haraka. Mwarobaini uko kila mtaa hapa, mbegu zinaanguka zinafagiliwa.

Konokono wakubwa wakati wa masika, naomba sana msiwamwagie chumvi. Mmenisoma mpaka hapa mnajua kwa nini. Washa tochi saa mbili usiku, vaa glavu kwa sababu wanabeba minyoo inayodhuru watu, okota kwenye ndoo. Ubao uliolowa ukiulaza chini jioni, asubuhi utawakuta wamejificha chini yake.

Kukata majani nako watu wanaharibu. Fundi anakuja na kwanja au mashine anakata mpaka mchanga unaonekana ili akae mwezi bila kurudi, jua linaunguza mashina. Kata theluthi moja tu ya urefu, mara kwa mara, na kiangazi acha urefushe kidogo. Chini ya mwembe usihangaike na ukoka, unataka jua la masaa sita kwa siku au zaidi, pale weka matandazo au kokoto na benchi mkae.

Saivi ukoka wangu umerudi karibu wote. Kimebaki kipara kimoja karibu na geti, pale ndipo nilipomwaga urea nyingi zaidi, na ndago mbili tatu bado zinachungulia kila wiki nazichimbua. Nimepima mchanga wa pale juzi, nimeukoroga na maji ya mvua kwa kipimo kile kile ninachotumia kila mara, namba imeshuka nusu ya ilivyokuwa mwaka jana. Nasubiri vuli, mvua mbili nzuri zikinyesha Oktoba au Novemba nahamisha vishina vya pasipalamu kutoka upande wa pili. Mzee ameniambia atakuja kunishikia kamba ya mstari.